Spineli ndani ya kimondo cha Allende: imetokea wapi kama hakuna mlima?

fundi_vito, Arusha:

Wakuu habari zenu. Mimi nakata vito, huu ni mwaka wa 22 niko kwenye sahani ya kusagia. Jiolojia sijaisoma darasani, ninachojua nimekijua kwa kuvunja mawe ya watu na kuyalipa.

Wiki iliyopita mzee mmoja mgeni anayekusanya vimondo aliniletea bamba la jiwe, ukubwa wa kiberiti, jembamba. Ukingo mmoja umekatwa vibaya, anataka niunyooshe. Akasema ni Allende, kilianguka Mexico mwaka 1969. Nikakiweka chini ya lenzi. Ni jeusi kama mkaa uliolowa, limejaa vidude vya mviringo vya kijivu kama mbegu za papai, na katikati yake kuna madoa meupe. Mengine yamekaa ovyo, yamepasukapasuka kama bisi. Moja ni kubwa, kama punje ya hindi, na hilo ni duara kabisa.

Nikamuuliza haya meupe ni nini. Akacheka, akasema humo kuna spineli, ile ile unayoikata wewe.

Usiku sikulala vizuri. Spineli naijua, ya Mahenge imenisomeshea watoto wawili. Mwaka 2007 pale Ipanko yalipotoka yale mabonge, moja la kilo 52, nilikuwa kwenye foleni ya kuonyeshwa vipande. Na wajiolojia wanaopita ofisini kwetu wote huimba wimbo mmoja: spineli ya Mahenge ilipikwa ndani ya marumaru, chini ya milima iliyogongana miaka milioni 600 hivi iliyopita, joto kubwa na mgandamizo mkubwa. Sasa kwenye kimondo mlima uko wapi? Marumaru iko wapi? Doa lina ukingo wake mkali, hakuna mshipa unaoingia wala unaotoka, kana kwamba mtu alilidondosha kwenye tope jeusi na tope likakauka.

Sisi kitu kikiwa ndani ya jiwe tunakiita uchafu, na uchafu ndio unaokwambia jiwe limetoka wapi. Huu uchafu mweupe unasema nini?

La pili, msinicheke: inakatika hiyo spineli?


msaga_mawe:

Shikamoo fundi. Mimi nami nasaga mawe, ila ya kwangu hayavaliwi. Niko Ujerumani, maabara ya chuo, kazi yangu ni kuandaa vipande vya hadubini. Nalisaga jiwe mpaka unene wa milimita 0.03, linapitisha mwanga kama karatasi ya maandazi iliyolowa mafuta. Allende imepita mikononi mwangu mara nyingi.

Kabla ya yote, tafadhali usiunyooshe ukingo huo kwa maji! Jiwe hilo lina vichembe vinavyoshika kutu na vitu vinavyoyeyuka. Tumia spiriti safi, saga polepole, na vumbi lake usilifagie.

Haya, swali lako. Spineli ni magnesiamu, alumini na oksijeni, basi. Vitu hivyo vitatu vikikutana kwenye joto linalofaa spineli itatokea, mlima uwepo usiwepo. Mahenge vilikutana ndani ya marumaru. Kwenye madoa ya bisi vilikutana ndani ya gesi.

Jua lilipokuwa changa lilizungukwa na sahani pana ya gesi na vumbi. Karibu na Jua palikuwa na joto kali kiasi kwamba vumbi lote lililokuwepo liligeuka mvuke: chuma mvuke, magnesiamu mvuke, hata alumini. Kisha gesi hiyo ikaanza kupoa. Mgandamizo wake ulikuwa mdogo sana, kama sehemu moja ya elfu, au ya elfu kumi, ya hewa tunayovuta. Kwenye mgandamizo wa namna hiyo vitu havipiti kwenye hali ya maji. Vinatoka kwenye mvuke na kuwa kigumu moja kwa moja, kama ile barafu nyeupe inayojijenga kwenye kuta za friza bila mtu kumwaga hata tone.

Na havigandi pamoja, vinakwenda kwa zamu. Mwaka 1972 Lawrence Grossman alipiga hesabu ya zamu hizo akianzia na gesi yenye viungo vilevile vya Jua. Ukichukua mgandamizo wa sehemu moja ya elfu kumi, wa kwanza ni korandamu, yaani kundi la rubi na safaya zako, kwenye nyuzi 1400 hivi za Selsiasi. Nyuma yake inakuja hiboniti, madini ya kalsiamu na alumini, halafu peroviskaiti ya kalsiamu na titani, halafu melilaiti ambayo ndiyo weupe mwingi unaouona kwenye lenzi. Spineli inafika kwenye nyuzi 1100 na kitu. Chuma na olivini, ambavyo ndivyo vitu vingi zaidi kwenye mawe ya angani, vinasubiri mpaka chini ya 1100.

Kwa hiyo doa jeupe ni sehemu ya mwanzo kabisa ya foleni. Lina kalsiamu, alumini na titani kwa wingi, na chuma karibu hakuna, kwa sababu zamu ya chuma ilikuwa haijafika lilipotengana na ile gesi. Wataalamu wanayaita CAI, herufi mbili za kwanza zikiwa ni kalsiamu na alumini. Ndani ya baadhi kuna vichembe vya osmiamu, iridiamu na platini visivyoonekana kwa jicho, metali ambazo hata joto la korandamu haziliogopi.

Kuhusu kukata: spineli za humo ni vijichembe, nyingi hazifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Kijiti chako hakitaishika, na gundi ndiyo itakayoimeza.


fundi_vito, Arusha:

Marahaba mwanangu, ahsante. Maji nilikuwa nimeshaandaa ndoo, nimeiondoa.

Ila kuna kitu hakijakaa. Jana nilikopa darubini ya jirani yangu, ile ya macho mawili, nikaangalia lile doa la duara. Mnasema melilaiti iliganda kwanza, spineli nyuma yake. Mbona mimi naona vidoti vidogo, vinavyong'aa, viko NDANI ya ule weupe? Kwenye kazi yetu kilicho ndani kimetangulia. Safaya ikiwa na kichembe cha zirkoni ndani unajua mzee ni nani na mgeni ni nani. Sasa spineli yako ya zamu ya nyuma imeingiaje tumboni mwa mtu aliyemtangulia?


msaga_mawe:

Fundi, hilo swali lingekupa cheti huku. Nitakujibu kwa kutenganisha madoa yako mawili, bisi na punje ya hindi, kwa sababu hayana historia moja.

Hiyo punje ya hindi iliyeyuka. Iliganda kutoka kwenye gesi kama wenzake, au ilijikusanya kutoka kwenye vijidoa vidogo, kisha ikapata joto mara ya pili, ikawa tone la kioevu linaloelea, na ndiyo maana ni duara. Aina hiyo inaitwa aina B. Mwaka 1982 Edward Stolper alichukua mchanganyiko wenye viungo hivyohivyo, akauyeyusha kwenye tanuri na kuupoza, akiangalia nani anajitokeza lini. Ndani ya kioevu zamu zinabadilika kabisa: spineli ndiyo ya kwanza, melilaiti baadaye, kisha madini mengine mawili, anothaiti na piroksini yenye titani. Kwa hiyo jicho lako limeona sawa. Kwenye doa la duara spineli ni mzee, na wengine wote wamekua wakaifunika.

Majaribio hayo ya tanuri yalitoa na kitu kingine ninachokipenda kuliko vyote. Ili melilaiti ipate umbo lile tunaloliona, tone halikupashwa zaidi ya nyuzi 1400 hivi, na lilipoa kwa nyuzi chache hadi hamsini kwa saa. Fikiria maana yake. Tone la ukubwa huo likitupwa peke yake kwenye anga tupu linapoa ndani ya sekunde. Hili lilichukua saa nyingi, pengine siku nzima na zaidi. Maana yake lilizungukwa na kitu cha moto, gesi na vumbi vilivyopoa pamoja nalo. Na kwenye nyuzi 1400 spineli haiyeyuki yote, ile ya zamani inabaki ikielea ndani ya tone kama punje za mchele kwenye uji. Huenda vidoti ulivyoviona vingine ni hivyo.

Lilipokuwa kioevu lilipoteza pia sehemu ya magnesiamu na silikoni yake kwa kufuka. Tunajua kwa sababu atomi nyepesi hukimbia upesi kuliko nzito, na kwenye madoa ya duara zilizobaki ni nzito kupita kawaida.

Sasa bisi. Hizo hazikuyeyuka, zina matundu na mikunjo, kama masizi yaliyojishikanisha. Huko hesabu ya Grossman inafanya kazi vizuri zaidi, lakini hata huko, fundi, mara nyingi hiboniti na spineli zinakutwa ndani ya melilaiti, wakati karatasi inasema melilaiti itangulie spineli. Hili watu wamelibishania miaka mingi. Hesabu inadhani kila kitu kina muda wa kutosha wa kukaa na gesi mpaka wakubaliane, na melilaiti si rahisi kuanza kuota, umbo lake la ndani halifanani na la hiboniti. Spineli na hiboniti zinafanana upande mmoja, kwa hiyo spineli hupata pa kuegemea. Mimi naliona ni maelezo mazuri. Mkuu wangu wa maabara haridhiki nalo.


bin_jangwa, Salala:

Assalamu alaykum jamaa. Nimesoma nikafurahi mno. Mie niko Oman, asili yetu Unguja, na kwa kazi ya magari nnapita sana Jiddat al Harasis. Uwanda ule ni wa chokaa, mweupe, jiwe jeusi laonekana toka mbali, ndo mana wataalamu wa kizungu waliokota vimondo vingi pale. Nimeona vingi kwa macho yangu, vilivyokatwa pia. Vidude vya mviringo alivyosema fundi vimo tele. Lakini madoa meupe namna hiyo sikuwahi kuyaona hata siku moja. Suala langu kwa bibie: vimondo vya kwetu vimekosa nini?


mwalimu_wa_Vwawa:

Naomba nidandie hapo. Sisi huku Songwe tuna Kimondo chetu cha Mbozi, tani 16 hivi, wanafunzi nawapeleka kila mwaka. Je, kile kina madoa hayo? Maana watoto wataniuliza.


msaga_mawe:

Waalaykumu salaam kaka. Mwalimu, nianze na wewe kwa kuwa jibu lako ni fupi: hapana. Mbozi ni chuma na nikeli. Chuma cha namna hiyo hutoka kwenye mwili wa angani ulioyeyuka, chuma kikazama na mawe yakaelea. Doa lolote jeupe lililokuwepo liliyeyuka na kupotea zamani. Ila kuna kiungo kizuri cha kuwaeleza watoto, nitakirudia kwa sababu kinatoka ndani ya Allende yenyewe.

Na mbona hujaitaja Ivuna, mwalimu? Iko mkoani kwako! Tarehe 16 Desemba 1938 pale Ivuna, kwenye machimbo ya chumvi upande wa Rukwa, kilianguka kimondo ambacho kipande chake kilichohifadhiwa kina gramu 705 tu. Mbozi ina mnara na ada ya kuingia, Ivuna haina kitu, lakini huku kwenye maabara wakisema kimondo cha Tanzania wanamaanisha Ivuna. Kundi zima la vimondo linaitwa CI, na hiyo I ni Ivuna. Ukitoa gesi nyepesi kama haidrojeni na heli, viungo vya CI ndivyo vinavyofanana na vya Jua kuliko jiwe lolote tulilonalo, ndiyo maana karibu hesabu zote za "zamu" nilizosema hapo juu zinajipima kwa kundi hilo.

Halafu mawe ya chumvi ya Ivuna yanafaa sana kufundishia. Maji ya chumvi yakikauka, jasi inatangulia na chumvi ya mezani inafuata. Watoto wakiona hilo, foleni ya korandamu mpaka chuma hawataiona ngeni.

Sasa suala la Salala. Vingi vya jangwani huko, kama ilivyo duniani kote, ni kondraiti za kawaida, yaani vimondo vya mawe ambavyo mwili wake wa asili haukuyeyuka. Zilijikusanya upande wa ndani wa mfumo wa jua. Allende ni kondraiti yenye kaboni, na ilijikusanya mbali, ng'ambo ya Mshtarii kwa maoni ya wengi leo. Na hapa ndipo kwenye kitendawili. Madoa meupe yaliundwa karibu na Jua, kwenye joto. Ungetegemea yajae kwenye mawe yaliyozaliwa jirani na Jua. Kinyume chake, kwenye kondraiti za kawaida hayafiki hata sehemu moja ya elfu, na kwenye jamaa za Allende yanaweza kuchukua asilimia kadhaa za jiwe. Mtoto kazaliwa Tanga, ndugu zake wote wako Kigoma.

Na si dhana tu kwamba yalisafiri. Chombo cha Stardust kilipita kwenye nyotamkia Wild 2, kikakusanya vumbi lake na kulirudisha duniani Januari 2006. Nyotamkia ni barafu ya kando kabisa. Ndani ya vumbi lile kilikutwa kichembe cha aina hii hii, wakakiita Inti, jina la mungu wa jua wa Wainka. Kitu kilichoganda kwenye nyuzi elfu na mia kadhaa kinakaa ndani ya barafu.

Nani aliyapeleka? Wengine walisema upepo na sumaku vya Jua changa viliyarusha juu ya sahani yakadondokea mbali. Wengine, na mimi niko upande huu, wanasema ile sahani ya gesi mwanzoni ilitanuka kuelekea nje na kuyabeba. Kisha Mshtarii akakua mapema, kiini chake kikawa kikubwa ndani ya miaka milioni moja hivi, akafungua pengo kwenye gesi. Vipande vilivyokuwa nje vikajaribu kurudi kuelekea Jua, vikakwama nyuma yake kama malori kwenye mizani. Vilivyobaki ndani viliendelea kuvutwa na Jua mpaka likavimeza. Kaka, mawe yako ya Jiddat al Harasis yalijikusanya baada ya hapo, upande uliokwisha kufagiwa.

Ivuna nayo, mwalimu, ni ya nje lakini madoa haina karibu kabisa. Ililowa. Maji ndani ya mwili wake wa asili yaliyageuza madini yake ya mwanzo kuwa udongo. Sampuli za asteroidi Ryugu, ambazo chombo cha Wajapani Hayabusa2 kilizileta Desemba 2020, zinafanana sana na Ivuna, na humo CAI zimepatikana lakini ndogo mno, nyembamba kuliko unywele.


kinyozi_wa_hoja:

Mnaongea kana kwamba mlikuwepo. Nani kasema ni vya kwanza? Nani kasema vilikuwa karibu na Jua? Thibitisheni.


fundi_vito, Arusha:

Kijana ana lugha ya sokoni lakini swali ni la haki. Hata mimi nilitaka kuliuliza kwa adabu.


msaga_mawe:

Haki yake kabisa.

Umri kwanza. Urani ina aina mbili za atomi zinazotofautiana uzito, 238 na 235, kila moja inageuka aina yake ya risasi, ile metali, kwa mwendo wake. Ni saa mbili ndani ya jiwe moja, zikikubaliana unaziamini. Palikuwa na kasoro: kwa miaka watu walidhani uwiano wa urani hizo mbili ni uleule kila mahali, mpaka mwaka 2010 ikaonekana kwenye CAI za Allende zenyewe kwamba unatofautiana, ikabidi hesabu zirudiwe kwa kupima urani ya kila doa. Kazi iliyochapishwa 2012 ilitoa miaka milioni 4,567.30, kosa likiwa milioni 0.16 juu au chini. Hakuna jiwe lililoundwa kwenye mfumo wa jua lililopimwa likawa na umri mkubwa unaokubalika kuliko huo. Nne, tano, sita, saba, hata mtoto hasahau.

Ukaribu na Jua. Ushahidi wa kwanza ni joto lenyewe, huko nje gesi haikuwahi kuwa na nyuzi 1400 kwa muda wa kutosha. Wa pili ni rangi, na hii ni ya fundi. Kwenye kimondo cha Murchison, kilichoanguka Australia mwaka huohuo wa 1969, kuna vijichembe vya hiboniti vya bluu. Hiboniti ya duniani iligunduliwa Madagaska na huwa ya kahawia na nyeusi. Bluu ile inatokana na titani iliyonyimwa oksijeni, na titani hunyimwa hivyo ndani ya gesi iliyojaa haidrojeni, gesi kama ya Jua. Sahani ya nje yenye vumbi na barafu nyingi isingeweza kutoa rangi hiyo.

Wa tatu ni oksijeni. Mwaka 1973 Robert Clayton, Grossman na Toshiko Mayeda kule Chicago walipima oksijeni ya madoa ya Allende wakakuta aina ya 16 imezidi kwa karibu asilimia 4 hadi 5, kuliko ya duniani. Hakuna aliyejua kwa nini, na ilibaki hivyo kwa karibu miaka arobaini. Kisha chombo cha Genesis kikakaa angani kikikusanya upepo wa Jua. Kiliporudi Septemba 2004 parachuti haikufunguka, kikapiga jangwa la Utah na kupasuka. Watu waliokota vipande vya vioo vya kukusanyia kwenye matope kwa vibanio. Mwaka 2011 walichapisha jibu: oksijeni ya Jua inafanana na ya madoa meupe, wala si ya dunia. Kwa hiyo wageni ni sisi. Doa ndilo lenye oksijeni ya nyumbani.

Na sasa kiungo cha mwalimu. Alumini ya kawaida ni ya 27. Kuna ya 26, yenye mionzi, ambayo kila baada ya miaka 700,000 hivi nusu yake inakwisha na kuwa magnesiamu 26. Mwaka 1976 Typhoon Lee, Dimitri Papanastassiou na Gerald Wasserburg walipima anothaiti ya doa la Allende. Maabara yao ilijiandaa kupima mawe ya mwezini ya Apollo 11, na Allende ikaanguka miezi mitano kabla, usiku wa tarehe 8 Februari 1969, zaidi ya tani mbili zikaokotwa mashambani. Mawe ya mwezi yalisubiriwa kwa mabilioni ya dola, haya yakaja yenyewe bure. Walichokuta ni magnesiamu 26 iliyozidi, na ilizidi zaidi pale penye alumini nyingi. Maana yake alumini 26 ilikuwa hai doa lilipoganda: kwa kila atomi laki moja za alumini, tano hivi zilikuwa za mionzi. Ni kiasi kidogo kwa kusikia, lakini joto lake ndilo lililoyeyusha miili ya kwanza ya angani kwa ndani, chuma kikazama katikati. Mwalimu, waambie watoto kwamba vimondo vya chuma kama chao vilianzia kwenye tanuri lililowashwa na kuni hizo hizo zinazosomeka kwenye madoa ya Allende.

Vidude vya kijivu vya mbegu za papai, kondruli, vingi viliganda na alumini 26 pungufu kuliko madoa, kwa hiyo vilikuja baadaye, vingi kama miaka milioni mbili nyuma ya madoa. Tope jeusi likawafunika wote pamoja. Fundi aliliona hilo kwa lenzi siku ya kwanza.

Kinyozi, kama hiyo haitoshi, njoo nikupe drili. Doa moja huchimbwa kwa ncha nyembamba kama sindano ili kutoa unga wa kupima. Mimi mwaka juzi nilichimba siku tatu, nikapata unga usiojaza ncha ya pini, nikapiga chafya.


fundi_vito, Arusha:

Pole mwanangu, nami rubi ya karati mbili iliwahi kuruka ikaingia kwenye bomba la choo. Hatukuzungumza nyumbani wiki nzima.

Taarifa: ukingo nimeunyoosha jana, kwa spiriti, kwa mkono, bila mota. Imenichukua asubuhi nzima kwa kazi ambayo kwa maji ni dakika kumi. Doa la duara sikuligusa, ila moja la bisi lilikuwa ukingoni na sehemu yake imesagika, hakukuwa na namna. Kitu kimoja nimekiona: sahani yangu ilipofika kwenye doa, sauti ilibadilika. Kwenye tope jeusi inanong'ona, kwenye doa inakwaruza kama kwenye spineli yoyote ya Mahenge.

Vumbi sikulifagia kama ulivyosema. Limekuwa la kijivu, nimelikunja kwenye karatasi ya vito, ile tunayoandika karati. Swali la mwisho: hili ni la nani, langu au la mteja?


msaga_mawe:

La mteja, fundi. Huku hata vumbi linapimwa kwa miligramu na kuwekewa sahihi. Mrudishie, mwambie lina doa ndani yake, na uandike kwenye karatasi kwamba umetumia spiriti, atakayelipima atataka kujua.


bin_jangwa, Salala:

Na mie nikirudi jangwani safari hii n'takwenda na lenzi.